Neno la Kisanskriti "bhaya": wengi wanalitafsiri hofu tu, ila lina nusu nyingine. Karibuni tulichambue

#1 Mtu wa Lugha (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu.

Nimeona mara nyingi watu wanauliza maana ya jina Abhay ambalo Wahindi wengi wanalo, wanajibiwa "jasiri" halafu mada inaishia hapo. Sasa ndani ya hilo jina kuna neno bhaya la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kwa maandishi yao भय, na mimi hili neno nalipenda kupita kiasi kwa hiyo mnivumilie maana nitaandika kirefu.

Tafsiri ya haraka ni hofu, woga. Sawa kabisa. Lakini fungua kamusi ya Monier-Williams ile ya 1899 ambayo mpaka leo wanafunzi wa Kisanskriti wanaishika, utakuta bhaya kapewa maana ya hofu na pia hatari, balaa, dhiki. Yaani neno moja linabeba kile unachosikia moyoni na kile kitu chenyewe kilichoko nje kinachokuja kukudhuru. Ndo maana nikasema ukiishia kwenye hofu umepata nusu.

Tuanze na mzizi. Mzizi ni bhī, kuogopa. Kisanskriti kinatengeneza maneno kwa kupandisha irabu iliyo ndani ya mzizi, bhī inapanda inakuwa bhe, ukiongeza -a mwishoni ile e inafunguka inakuwa ay, unapata bhaya. Ni njia ileile iliyotoa jaya, ushindi, kutoka mzizi ji, kushinda, na humo ndo mna kina Jay na Vijay. Ukitaka kusema "anaogopa" unasema bibheti, sauti ya kwanza inarudiwa, bi-bhe-ti.

Na huu mzizi ni wa zamani kuliko Kisanskriti chenyewe. Mrusi akiogopa anasema boyatsya, Mlithuania anasema bijoti na hofu anaiita baimė. Hawa hawakuazima kwa Wahindi wala Wahindi hawakuazima kwao, wote wamerithi kutoka lugha moja mama iliyokufa bila kuandikwa. Wataalamu wengi wanaiweka humo na beben ya Wajerumani, kutetemeka, ambayo nayo sauti ya mwanzo ilirudiwa kama ile bibheti.

Kutoka mzizi huohuo kuna majina ambayo waliofuatilia tamthilia za Kihindi wanayajua vizuri. Bhima, yule mwenye nguvu wa Mahabharata, utenzi wao mkubwa wa vita, ni "wa kutisha". Bhishma naye ni "wa kutisha" lakini yeye hakuitwa hivyo kwa sababu ya misuli, jina lake la kuzaliwa ni Devavrata, baba yake Shantanu alimpenda Satyavati na mzazi wa binti akataka wajukuu zake ndo warithi kiti, Devavrata akala kiapo kwamba hatatawala na hataoa maisha yake yote ili asije akazaa mtu wa kugombea. Kiapo ndicho kilichotisha, akaitwa Bhishma. Kuna na Bhairava, ile sura kali ya mungu Shiva, na Vibhishana mdogo wake Ravana, yule mfalme wa mapepo kwenye utenzi wa Ramayana. Wote hao ni watoto wa bhī.

Naweka nukta hapa, nusu ya pili naileta chini. Maswali karibuni.

#2 Nahodha Mkavu

Nimekaa siti ya mbele mkuu, shusha mzigo.

#3 Bint Kilindini

Ahsante ndugu yangu kwa uzi. Mimi swali langu, kwenye filamu za Kihindi wanaitana bhaiya bhaiya, ndo hilohilo? Maana nilikuwa nadhani ni kaka.

#4 Mtu wa Lugha

Dada Bint Kilindini uko sahihi, bhai na bhaiya ni kaka, na hilo ni neno jingine kabisa. Limetoka kwenye bhratri, ndugu wa kiume, ambalo ni la ukoo mmoja na brother ya Waingereza. Sikiliza tofauti, kaka ana sauti ya i katikati, bhai-ya, hofu ni bha-ya. Kwa maandishi yao pia yanatofautiana, भैया na भय.

#5 Mkulima Msomi

Mleta uzi nina jambo linanikereketa. Bhaya, halafu sisi tuna baya, ubaya, mbaya. Kitu cha hatari ni kitu kibaya. Hamuoni kama Wahindi walituletea hili neno na majahazi? Maana pesa, gari, laki, bepari vyote vimetoka huko.

#6 Mtu wa Lugha

Mkuu Mkulima Msomi swali zuri sana, na hayo uliyotaja ni kweli yametoka India, laki yenyewe ukiifuatilia inaishia kwenye laksha ya Kisanskriti. Ila baya hapana. Angalia tabia ya neno kwenye sentensi. Vivumishi tulivyoazima kwa kawaida havichukui viambishi vya ngeli, tunasema mtu hodari, watu hodari, kitu ghali, vitu ghali, nyumba safi, hakuna "kighali" wala "wahodari". Sasa baya linasema mtu mbaya, watu wabaya, kitu kibaya, mambo mabaya, pahala pabaya, linacheza ngeli zote kama kubwa na zuri. Hiyo ni tabia ya mwenyeji, sio ya mgeni. Sauti kufanana peke yake sio ushahidi, lugha zina sauti chache na maneno mengi, kugongana lazima.

Na maana pia hazikai. Bhaya ni nomino, hofu na hatari, haijawahi kuwa sifa ya mtu mwenye tabia mbovu.

Neno letu hofu ni la Kiarabu, khawf. Kuogopa ndo la Kibantu, na tulikuwa na jingine la zamani, kucha, ambalo siku hizi limebaki kwenye kumcha Mungu na mcha Mungu.

#7 Kijana wa Kisutu

Nimeona uzi huu nikasema lazima nichangie. Sisi nyumbani ni Wagujarati, tumezaliwa Dar hapahapa, bibi zetu wote hapahapa. Neno bhay tunalijua lakini ni la kitabuni, la kwenye sala na mawaidha. Nyumbani mtoto akiogopa giza anasema "mane bik laage chhe", naogopa. Bik ndo hofu yetu ya kila siku. Na kitenzi ni bivu, kuogopa. Je na hilo linahusiana au ni kitu kingine?

#8 Mtu wa Lugha

Kijana wa Kisutu umeniletea zawadi! Linahusiana moja kwa moja. Bivu ni yule yule bibheti aliyetembea miaka zaidi ya elfu mbili mdomoni mwa watu wa kawaida, sauti zikamomonyoka njiani. Kwa hiyo nyie mna mzizi mmoja mara mbili, bhay limechukuliwa zima kutoka kwenye vitabu, bik na bivu zimepita kwa bibi na mama mpaka hapo Kisutu. Wenzenu wa Kihindi wao mtaani wanasema dar, wana mzizi tofauti, bhay wanaiweka kwenye hotuba na habari. Nyie ndo mmeshika la asili zaidi, mlitunze.

Haya wakuu, sasa nusu ya pili niliyoahidi.

Kuna kitabu cha utawala kinaitwa Arthashastra, kinahesabiwa ni cha Kautilya, kilipotea karne nyingi mpaka Shamasastry akakigundua kule Mysore 1905 akakichapa 1909. Humo kwenye sehemu ya nne kuna orodha ya mahabhaya nane. Maha ni kubwa. Sasa ukitafsiri "hofu kubwa nane" utashangaa orodha yenyewe, maana ni moto, maji, maradhi, njaa, panya, wanyama wakali, nyoka na mapepo. Hizo sio hisia, ni maafa! Na anachoelekeza mfalme afanye sio kuwatuliza watu mioyo. Kuhusu moto anasema wakati wa kiangazi wanakijiji wapikie nje ya nyumba. Kuhusu maji anasema msimu wa mvua vijiji vya mtoni vihame vikae mbali na pale maji yanapofika, na watu wawe na mbao, mianzi na mashua tayari. Kuhusu panya anasema achieni paka na nguchiro. Soma hayo halafu niambie kama bhaya hapo ni woga wa moyoni. Ni kitengo cha maafa hicho wakuu, na anakiita bhaya.

Na neno liliposafiri kwenda mashariki lilisafiri na hiyo nusu. Kimalei na Kiindonesia wana bahaya, maana yake hatari, ndo neno unalolikuta kwenye vibao vya umeme kule (halina uhusiano na Wahaya wa Bukoba, sauti tu). Hofu wao wanaiita takut, neno lao wenyewe. Yaani walipokea bhaya wakachukua upande wa nje tu, wa ndani wakauacha kwa sababu walikuwa nao tayari. Thailand vilevile, kwao limekuwa phai. Mafuriko kwa lugha rasmi ni uthokkaphai, ndani yake kuna udaka, maji, na bhaya. Moto ukiteketeza ni akkhiphai. Bima ni prakanphai, dhamana dhidi ya hatari. Sasa rudi kwa Kautilya uone, maji na moto vilevile, neno lilelile, na leo linatumika kwenye taarifa ya habari Bangkok.

#9 Nahodha Mkavu

Duh. Mkuu hapo kwenye bima umeniacha hoi. Lakini swali, kwa nini neno moja libebe vyote viwili? Mtu akisema bhaya kwenye sentensi unajuaje kama kaogopa au kuna hatari?

#10 Mtu wa Lugha

Nahodha hapo ndo penyewe, na jibu langu mimi liko kwenye sarufi.

Panini, yule mwanasarufi wao mkubwa aliyeishi kama karne ya tano au ya nne kabla ya Kristo, aliandika kanuni karibu 4,000, fupi fupi mno za kukariri. Moja inasema bhitrarthanam bhayahetuh. Maneno mawili tu. Maana yake, ukiwa na kitenzi cha kuogopa au cha kulinda, basi kile kinachosababisha bhaya kinachukua umbo la "kutoka kwa". Sisi tunasema anaogopa wezi, wezi ni shamirisho, yambwa ya moja kwa moja. Wao wanasema chaurebhyo bibheti, anaogopa *kutoka kwa* wezi. Na kulinda ni chaurebhyas trayate, anamwokoa *kutoka kwa* wezi. Neno wezi limevaa umbo lilelile sehemu zote mbili.

Mnaona kilichotokea? Kwenye hiyo lugha kuogopa kuna pande, kitu kinatoka mahali kinakufikia. Bhaya ni hiyo njia nzima kuanzia kule kinakotoka mpaka hapa kinapokutetemesha. Ndo maana hawahitaji maneno mawili. Ukisikia bhaya unauliza "kutoka wapi?", na ukijibiwa tembo, mfalme, mto, wezi, unajua hali ilivyo. Ndo ninavyoelewa mimi, na kadiri ninavyosoma maandiko ya zamani naona inashika.

Kwenye Rigveda, mkusanyo wao wa kale wa nyimbo za dini, kitabu cha nane kuna dua kwa mungu Indra, yata indra bhayamahe tato no abhayam kridhi. Indra, kule tunakoogopea, kutoka hukohuko tufanyie abhaya. Hawasemi tuondolee hisia mbaya. Wanaonyesha upande na kidole, pale, zuia pale.

Atharvaveda, mkusanyo mwingine wa aina hiyo, kitabu cha 19 inazunguka kote: abhaya kutoka kwa rafiki, abhaya kutoka kwa asiye rafiki, abhaya kutoka kwa tunayemjua na kwa aliye mbele yetu, abhaya usiku, abhaya mchana, pande zote ziwe rafiki zangu. Rafiki kawekwa wa kwanza kabla ya adui, mimi huo mpangilio umenikaa kichwani sana.

#11 Bint Kilindini

Subhanallah, rafiki kwanza. Kweli kabisa.

Sasa hiyo abhaya ndo kutoogopa? Nauliza kwa sababu unaitumia kama kitu cha kupewa, mtu anapewaje ujasiri?

#12 Mtu wa Lugha

Dada umeshika mkia wa jambo. A- mwanzoni ni ya kukanusha, kwa hiyo abhaya ni kusikokuwa na bhaya. Na kwa kuwa bhaya ina pande mbili, abhaya nayo ina mbili, kutoogopa na kuwa salama. Huo usalama unaweza kupewa, unaupewa na mwenye uwezo wa kukudhuru au wa kukukinga. Mfalme akimpa mtu abhaya amemhakikishia hataguswa, kama tunavyosema kumpa mtu amani. Ndo maana nasema tafsiri ya "Abhay = jasiri" ni sahihi ila imepungua. Anaweza kuwa ni yule ambaye ukiwa naye uko salama.

Kisa chake maarufu ni cha mfalme Shibi kwenye Mahabharata. Njiwa anakimbizwa na mwewe, anatua kwa mfalme anaomba hifadhi, mfalme anampa. Mwewe anakuja anamwambia huyo ni chakula changu, ukininyima mimi na watoto wangu tutakufa njaa, wewe umempa usalama huyu umeninyima uhai mimi. Shibi hana cha kubishia hapo, kwa sababu mwewe anasema kweli. Basi anakubali kukata nyama ya mwili wake uzito sawa na njiwa. Mizani inaletwa, anakata, njiwa bado mzito, anakata tena, njiwa bado mzito, mpaka mwisho anapanda yeye mzima kwenye mizani. Hapo inajulikana kwamba wale ni Indra na Agni, mungu wa moto, walikuja kumpima. Abhaya-dana, kutoa abhaya, inahesabiwa kati ya sadaka kubwa kuliko zote, na kisa hiki kinaonyesha gharama yake.

Kwenye sanamu utaiona pia. Mkono wa kulia umeinuliwa, kiganja kimekuelekea wewe, vidole juu. Inaitwa abhaya mudra. Buddha anayo, Ganesha anayo, Shiva anayecheza ndani ya duara la moto anayo, mkono mmoja umeshika ngoma, mwingine moto, wa tatu unakuonyesha kiganja hicho. Wengi wanadhani anasalimia au anabariki tu. Anakuambia kutoka kwangu hakuna bhaya.

Na Wathai wakitaka kuomba radhi rasmi wanasema kho aphai. Kho ni naomba, aphai ni abhaya. Naomba abhaya! Kwenye mahekalu mengi ya Kibuddha kando ya mito kule kuna eneo linaitwa khet aphaithan, eneo la abhaya-dana, ukivua samaki hapo ni marufuku, na samaki wanajazana chini ya gati wakubwa wakubwa watu wanawarushia mikate.

#13 Msanii wa Bagamoyo

Mkuu mimi ni mtu wa jukwaa, tumewahi kugusiwa kidogo nadharia ya rasa ya Wahindi, yaani ladha za hisia anazoonja mtazamaji, kuna moja ya hofu, bhayanaka. Inaingiaje humu?

#14 Mtu wa Lugha

Inaingia vizuri sana. Natyashastra, kitabu cha sanaa za jukwaa anachohesabiwa Bharata, kina rasa nane (ya tisa, utulivu, iliongezwa baadaye). Bhayanaka rangi yake nyeusi. Pale wanatenganisha bhaya, ile hali yenyewe iliyomo ndani ya mhusika, na bhayanaka, kile mtazamaji anachoonja akiwa amekaa salama kwenye kiti. Mwigizaji anaambiwa vya kufanya: mikono na miguu itetemeke, nywele zisimame, uso ubadilike rangi, sauti ikatike.

Mfano unaotolewa na Abhinavagupta, mwanachuo wa Kashmir wa miaka ya 1000 hivi, sio jini wala pepo, ni paa. Ni mwanzo wa tamthilia ya Kalidasa kuhusu Shakuntala, mfalme yuko kwenye gari la farasi anamfukuza paa. Paa anakimbia huku anageuza shingo kutazama gari, nyuma ya mwili wake imejikunja kuelekea mbele kwa kuogopa mshale, na majani aliyoyatafuna nusu yanadondoka njiani kwa sababu mdomo umeachama kwa kuchoka. Hayo majani ya nusu kutafunwa ndo yananimaliza mimi. Alikuwa anakula muda mfupi uliopita. Na ona tena, shingo imegeuka kule hatari inakotoka, mwili unakimbilia upande wa pili, bhaya yote iko kwenye ule mkunjo.

#15 Mkulima Msomi

Mleta uzi nimekubali kuhusu baya, hoja ya ngeli imenitosha. La mwisho, umesema bhaya lazima itoke mahali. Sasa mtu akiwa peke yake porini, hamna mnyama, hamna mtu, na bado anaogopa, hapo inatoka wapi?

#16 Mtu wa Lugha

Mkuu hilo swali waliliuliza wenyewe, na limeandikwa. Brihadaranyaka Upanishad, moja ya Upanishad (maandiko yao ya falsafa) kongwe kabisa, sehemu ya kwanza. Inasema hapo mwanzo alikuwepo Mmoja tu, akatazama asione kingine ila yeye. Akaogopa. Na ndo maana mtu akiwa peke yake huogopa. Halafu akawaza, ikiwa hakuna kingine zaidi yangu, naogopa kutoka kwa nini? Hapohapo hofu ikamtoka. Kisha andiko linaongeza, dvitiyad vai bhayam bhavati, bhaya hutokea kutoka kwa wa pili. Na neno "wa pili", dvitiyad, limevaa umbo lilelile la Panini, la kutoka kwa.

Ila msikimbilie kufunga kitabu hapo maana watu wengi wanainukuu hiyo kama vile jibu ni kukaa peke yako. Mstari unaofuata tu unasema hakuwa na furaha, na ndo maana mtu akiwa peke yake hana furaha, akamtamani wa pili.

#17 Kijana wa Kisutu

Hiyo dvitiyad nimeielewa bila tafsiri, sisi tarehe ya pili ya mwezi mwandamo tunaiita bij, na kwa kitabuni dvitiya. Jioni namuuliza bibi kama anaijua hiyo aya, nitaleta mrejesho.

#18 Mtu wa Lugha

Muulize na kama kwao walikuwa wanasema bik tu au walikuwa na neno jingine kwa ajili ya hatari. Hilo ndo nalitaka zaidi.